Kinyesi cha nguruwe kwa wafugaji wadogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mfugaji mwenye nguruwe wachache, kuanzia wawili hadi thelathini hivi, anayefanya kazi kwa sepetu, fagio na toroli. Maji yatatajwa karibu kila mahali. Kinyesi kikavu hubebeka, huuzika na hugeuka mboji kirahisi. Kikishachanganyika na maji mengi huwa tope, na tope ni gumu kubeba, gumu kuhifadhi na hunuka zaidi.

Nguruwe mmoja hutoa kinyesi kiasi gani kwa siku?

Kadiria asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake, mavi na mkojo pamoja. Nguruwe wa kunenepesha mwenye kilo 60 hutoa kama kilo 4 kwa siku, na zaidi kidogo ya nusu ya hizo ni mavi. Jike anayenyonyesha hula na kunywa sana, hivyo anaweza kufika kilo 12 hadi 15. Sehemu kubwa ya nitrojeni imo kwenye mkojo, na fosforasi karibu yote imo kwenye mavi. Anayeacha mkojo upotee ardhini na kubaki na mavi peke yake ametupa sehemu nzuri ya mbolea.

Kwa nini nguruwe wangu wanachafua chumba kizima?

Nguruwe akiachiwa nafasi huchagua mahali pa kulala pakavu, na hujisaidia penye unyevu na ubaridi, mbali na anapolala. Akichafua kila mahali, mara nyingi kosa liko kwenye chumba. Angalia haya:

- Msongamano. Nguruwe wa kilo 100 anahitaji angalau mita moja ya mraba. Wakibanana hawana pa kuchagua.
- Joto. Chumba kikiwa na joto kali, nguruwe hulala kwenye uchafu ili apoe, kisha hujisaidia pale palipobaki pakavu. Ongeza kivuli na upenyo wa hewa kabla ya kulaumu tabia yake.
- Chuchu ya maji (bomba dogo ambalo nguruwe hulibonyeza kwa mdomo ili anywe) iliyofungwa upande wa kulala. Ihamishie upande wa chini, ule unaoutaka uwe choo.
- Kuta. Nguruwe hupenda kujisaidia pale wanapoonana na majirani wa chumba cha pili. Upande wa kulala jenga ukuta mzima. Upande wa choo weka nondo au mbao zenye nafasi.

Unapoingiza kundi jipya, lowesha kona ya choo na uache humo sepetu moja ya mavi. Sehemu ya kulala iwe kavu na yenye matandiko. Siku ya kwanza ndiyo inayoamua: wakishajisaidia mahali pa kulala, kuwabadilisha ni kazi ya wiki nzima, pengine zaidi.

Nisafishe kwa fagio au kwa maji?

Fagio na sepetu kwanza, maji baadaye na kidogo. Chukua nguruwe 10 wa kilo 60. Kinyesi chao ni kama lita 40 kwa siku. Ukiosha kwa lita 10 kwa kila mnyama, umeongeza lita 100, na sasa una lita 140 za kutunza kila siku. Kwa siku 60 hizo ni lita 8,400. Ukikwangua mavi yakiwa makavu na kuyapeleka kwenye mboji, kinachobaki ni mkojo na maji kidogo ya kusuuzia, tuseme lita 45 kwa siku, ambazo kwa siku 60 ni lita 2,700. Shimo la kwanza ni zaidi ya mara tatu ya la pili.

Kwangua kila siku, ikiwezekana asubuhi na jioni. Kuosha mara moja au mbili kwa wiki kunatosha, isipokuwa chumba cha kuzalia na chumba chenye wanaoharisha. Chumba cha wanaoharisha kiwe na sepetu yake na kisafishwe mwisho. Anza siku zote na watoto, malizia na wagonjwa.

Kabla ya hayo yote kagua chuchu za maji. Inayovuja tone kwa tone usiku na mchana humwaga ndoo nzima na zaidi bila mtu kugundua, kisha mwenye banda hushangaa shimo linajaa haraka.

Sakafu na mfereji vijengwe vipi?

Sakafu ya zege ishuke sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita, kutoka mahali pa kulala kwenda chooni. Ikiwa tambarare, mkojo hutuama. Ikiinama kupita kiasi, wanyama huteleza, na majike wenye mimba huumia miguu. Kabla zege halijakauka, pitisha fagio gumu ili uso ukwaruze kidogo.

Mfereji uwe nje ya ukuta, upana wa sentimita 20 hadi 25, wenye kitako cha mviringo ili sepetu ipite, na ushuke sentimita 1 hadi 2 kwa mita. Weka wavu mahali unapoingia shimoni. Kinachoziba mfereji kwa kawaida si mavi, ni majani ya matandiko na mabaki ya chakula.

Maji ya paa yapitie mfereji wake. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20 humwaga lita 800. Kwa banda la mfano wetu linalokwangua, hizo ni lita za karibu siku 18 zinazoingia shimoni kwa mvua moja.

Shimo la mkojo na tope liwe wapi na kubwa kiasi gani?

Liwe upande wa chini wa mteremko ukilinganisha na kisima, na si karibu kuliko mita 30. Penye udongo wa kichanga au maji ya ardhini yaliyo karibu, ongeza umbali, na lazima lisakafiwe na kupigwa plasta. Shimo la udongo mtupu halijai, na wapo wanaojisifia hilo. Halijai kwa sababu linavujia kwenye maji ya kunywa.

Ukubwa: zidisha lita za siku kwa idadi ya siku unazotaka kukaa bila kulimwaga, halafu acha sentimita 30 tupu juu. Lita 2,700 zinaingia kwenye shimo la mita 1.5 kwa 1.5 lenye kina cha mita 1.5, ukihesabu na nafasi hiyo ya juu. Lifunike kwa mfuniko imara na ukingo wake uinuke juu ya ardhi. Hapo mvua, watoto na kuku hawataingia.

Je, ni salama kuingia shimoni kuondoa tope lililoganda?

Hapana, hata kwa dakika moja. Tope lililokaa bila hewa hutengeneza haidrojeni salfaidi, na likikorogwa hutoka kwa mkupuo. Kwa kiwango kidogo gesi hii hunuka kama yai bovu. Ikizidi hupooza pua, hivyo harufu ikikatika ghafla si dalili ya usalama. Kwa kiwango kikubwa mtu huanguka baada ya kuvuta pumzi chache, na mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeshuka kumwokoa wa kwanza. Koroga ukiwa juu kwa mti mrefu, siku yenye upepo, upepo ukiwa mgongoni, na wanyama wakiwa wametolewa ikiwa shimo liko chini ya banda. Moto na sigara viwe mbali, kwa sababu methani, gesi inayowaka, nayo imo.

Nichanganye nini na kiasi gani kupata mboji nzuri?

Mavi ya nguruwe yana maji mengi na nitrojeni nyingi. Yanahitaji kitu kikavu chenye kaboni: mabua, nyasi kavu, majani makavu, maranda au makapi ya mpunga. Lengo ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya nitrojeni, na unyevu wa asilimia 50 hadi 60.

Kwa toroli moja ya mavi mabichi, kama kilo 60, weka kilo 25 hivi za mabua makavu ya mahindi yaliyokatwakatwa vipande vya sentimita 5 hadi 10. Kipimo hicho hutimiza yote mawili, kaboni na unyevu. Hapa ndipo wengi hukosea: kilo 25 za mabua si toroli moja. Mabua ni mepesi, kwa hiyo ni toroli nne au zaidi zilizojaa bila kushindiliwa. Ukipima toroli kwa toroli utapata uji.

Maranda yana kaboni nyingi zaidi, hivyo toroli moja na nusu kwa moja ya mavi inatosha. Ila maranda mabichi yakizidi hufunga nitrojeni, na mimea itakayowekewa mboji hiyo itageuka njano. Makapi ya mpunga yanaleta hewa vizuri lakini huoza polepole, kwa hiyo usiyategemee peke yake.

Jaribu kwa mkono. Chukua konzi ya mchanganyiko uliokwisha koroga, ukamue kwa nguvu. Maji yakichuruzika kati ya vidole, umelowa mno: ongeza mabua. Ukifungua kiganja na donge likasambaratika, ni mkavu: nyunyiza maji, au bora zaidi, mkojo wa shimoni. Donge likishikamana na kiganja kikabaki na unyevunyevu tu, anza kulundika.

Tandika chini sentimita 20 za matawi au mabua marefu ili hewa ipenye. Rundo lisipungue mita moja kila upande, na mita 1.5 ni bora. Dogo kuliko hapo hupoteza joto. Lijengee kipaa au lifunike kwa nyasi. Turubai linaloshika rundo lote huzuia hewa.

Nitajuaje kwamba joto limefika?

Kati ya siku ya pili na ya nne katikati inapaswa kupanda kupita nyuzi 55 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, chomeka nondo hadi katikati ya rundo, iache dakika 10, kisha uitoe na kuishika sehemu iliyokuwa ndani. Ukishindwa kuishikilia, joto linatosha. Ikiwa vuguvugu tu, bado.

Ili kuua mayai ya minyoo na bakteria wengi, rundo la kupindua linatakiwa likae nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, likipinduliwa mara tano katika muda huo. Kupindua si mapambo. Ngozi ya nje ya rundo haipati joto, kwa hiyo kilichokuwa nje kiingizwe ndani kila mara. Likizidi nyuzi 65, pindua mapema, kwani hata vijidudu vyenye faida huanza kufa. Baada ya hapo liache lipoe na kukomaa. Jumla ni miezi mitatu hadi minne. Mboji iliyokomaa hunuka udongo wa msituni na haipandi joto tena ukiipindua.

Rundo langu halipati joto, au linanuka. Nimekosea wapi?

Harufu kali inayochoma macho ni amonia: nitrojeni imezidi, ongeza mabua au maranda. Harufu ya yai bovu inaonyesha rundo limelowa na limekosa hewa. Lifumue lote, changanya vitu vikavu vyenye vipande vikubwa, ulijenge upya. Likiwa baridi na halina harufu yoyote, ama ni kavu ama ni dogo mno. Likiwa na unyevu mzuri lakini bado baridi, kaboni imezidi. Ongeza mavi mabichi.

Je, matandiko mazito yanaondoa kazi ya kusafisha kila siku?

Yanaipunguza kwa masharti. Banda hujazwa maranda, makapi au mchanganyiko wao kwa kina cha sentimita 60 hadi 90, na mavi huozea humohumo. Nguruwe anahitaji nafasi kubwa kuliko kwenye zege, kati ya mita 1.2 na 2 za mraba. Mavi yaliyorundikana kona moja lazima yasambazwe na kufukiwa mara mbili kwa wiki, na sehemu zilizolowa zichotwe na kujazwa upya. Kwenye joto kali mfumo huu una tatizo lake: sakafu inayooza hutoa joto, na nguruwe hana jasho la kumpoza. Mwachie theluthi ya chumba iwe zege. Maranda ya mbao zilizopakwa dawa ya wadudu yasitumike kabisa.

Nahitaji nguruwe wangapi kupata biogesi ya kupikia?

Kilo moja ya mavi mabichi hutoa kama lita 40 hadi 60 za gesi. Nguruwe 6 hadi 8 wakubwa hutoa takriban mita moja ya ujazo kwa siku, nayo huwasha jiko moja la kawaida kwa saa mbili hadi tatu. Chini ya nguruwe wanne, mboji ni chaguo bora. Mtambo wa biogesi, yaani tangi lililofungwa ambamo mavi huoza bila hewa, ukilala njaa hauna faida.

Changanya kipimo kimoja cha mavi na kimoja au viwili vya maji. Kwa kilo 20 za mavi na lita 20 hadi 40 za maji kila siku, na muda wa siku 40 ndani ya mtambo, unahitaji lita 1,600 hadi 2,400 za nafasi ya tope, juu yake uongeze nafasi ya gesi. Anzisha kwa mavi ya ng'ombe au tope la mtambo unaofanya kazi, kwa sababu mavi ya nguruwe peke yake hugeuka asidi haraka kabla bakteria wa methani hawajazaliana vya kutosha. Lisha kidogo wiki za mwanzo. Gesi ya kwanza huwa na kabonidioksidi nyingi na haiwaki: itoe nje kwenye hewa wazi.

Gesi ilikuwepo, sasa imepungua. Nianze kukagua wapi?

Anza na chupa ya usalama, ile ambayo bomba limezama sentimita 10 hadi 15 ndani ya maji. Maji hukauka polepole, na siku yakishuka chini ya mdomo wa bomba, gesi yote hutokea hapo kimyakimya huku mtu akifukua mtambo kutafuta ubovu. Jaza kila wiki.

Kisha paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Panapotoa mapovu panavuja. Mwali ukirukaruka, maji yamekusanyika kwenye bomba: weka mtego wa maji mahali pa chini kabisa. Gesi ikinuka yai bovu na kula jiko, pitisha kwenye kipande cha bomba kilichojazwa steliwulu (nyuzi za chuma za kusugulia sufuria) iliyoshika kutu, na uibadilishe inapogeuka nyeusi kabisa.

Kama hakuna kinachovuja, fikiria kilichoingia ndani. Maji ya sabuni, dawa za kuua vijidudu na mavi ya wanyama waliodungwa antibiotiki huua bakteria wa mtambo. Mavi ya wagonjwa yapeleke kwenye mboji. Tope likinuka uchachu, acha kulisha wiki moja au mbili, kisha rudi na nusu ya kiasi cha kawaida.

Majirani wanalalamikia harufu. Nifanye nini kwanza?

Tenganisha mkojo na mavi. Amonia hutokana na urea ya mkojo inapokutana na vimeng'enya vilivyomo kwenye mavi, hivyo sakafu inayokauka haraka hunuka kidogo. Halafu angalia chakula. Protini inayozidi mahitaji hutoka kama nitrojeni, na kuipunguza kwa asilimia moja ya chakula hupunguza amonia kwa takriban asilimia 8 hadi 10. Usiende mbali mpaka ukuaji ukadorora. Tope limwagwe asubuhi upepo ukiwa unaelekea kwingine, kamwe si mkesha wa sikukuu.

Chokaa kwenye kinyesi kibichi huzidisha tatizo, kwa sababu hufukuza amonia hewani. Chokaa ni ya chumba kitupu kilichokwisha safishwa, na nguruwe wasirudi mpaka kikauke, la sivyo chokaa itawachoma miguu na viwele.

Na inzi?

Wakati wa joto, yai la inzi wa nyumbani hufikia kuwa inzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Ukiondoa mavi yote angalau mara mbili kwa wiki umekata mzunguko kabla haujakamilika. Chunguza pembe, chini ya mabirika ya chakula na ukingo wa mfereji. Kwenye rundo la mboji funza hukaa sentimita chache za nje zenye unyevu na vuguvugu, hivyo funika kwa sentimita 10 za mboji kuukuu. Kupuliza dawa huku mavi yamelala ni kumlisha muuza dawa.

Naweza kuweka mavi mabichi moja kwa moja shambani?

Kwenye shamba tupu, ndiyo, mradi uyafukie siku hiyohiyo, kabla nitrojeni haijaruka. Kwenye mche, hapana: amonia na chumvi huunguza mizizi. Kwa mazao yanayoliwa, kanuni ya kilimo hai ya Marekani ni kipimo kizuri: siku 120 kati ya mavi mabichi na mavuno kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kama haigusi. Mboga za majani ziwekewe mboji iliyoiva tu.

Mboji ya kilo 1 hadi 2 kwa mita ya mraba inatosha kwa msimu. Usirudie kipande kilekile kila mwaka, kwa sababu fosforasi, shaba na zinki hujikusanya. Kondoo wasichungwe kwenye malisho yaliyomwagiwa tope la nguruwe hivi karibuni: shaba inayovumilika na nguruwe humuua kondoo. Acha mita 10 kutoka kwenye mto, na usimwage mvua ikinyemelea.

Funza wa inzi askari mweusi wanaofugwa kwenye mavi wanafaa kwa chakula?

Wanapunguza mavi vizuri, na mabaki yao huenda kwenye mboji. Ila funza waliokulia kwenye mavi ya nguruwe wasirudishwe kwa nguruwe, kwani unazungusha magonjwa. Ukitaka funza wa chakula, wafuge kwenye mabaki ya mboga na nafaka.

Ni magonjwa gani binadamu anaweza kupata?

Salmonela, leptospira inayotoka kwenye mkojo, na mayai ya minyoo ya askarisi yanayoweza kudumu udongoni kwa miaka. Buti, glovu, na sabuni baada ya kazi. Ziba kidonda kabla ya kugusa mkojo. Kwa tegu wa nguruwe njia ni ya kinyume: nguruwe huupata kwa kula kinyesi cha binadamu. Choo cha familia kiwe na mlango, na nguruwe wasizurure.

Kondo la nyuma, mizoga na kinyesi cha banda lenye homa ya nguruwe?

Kondo na watoto waliokufa wanaweza kuingia kwenye rundo la maranda: sentimita 30 chini yao, 60 juu, na lizungushiwe uzio mbwa wasifukue. Mzoga mkubwa uzikwe angalau mita 1.5 chini, mahali ambapo maji ya ardhini yako mbali na kitako cha shimo.

Ukishuku homa ya nguruwe ya Afrika, mwite ofisa mifugo kabla ya kugusa chochote. Virusi vyake vimo kwenye damu, mavi na mkojo, hivyo kinyesi, matandiko, sepetu na buti visitoke shambani. Usiuze samadi wala kuitoa bure kwa jirani mpaka ofisa aseme imeruhusiwa.